Barua kwa mwanangu: kama kila kitu ni atomu, biolojia ni ya nini?

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku tu wazima. Barua yako tumeisoma wote wawili, ila baba yako amenisukumia mimi kalamu kwa madai kwamba swali lako ni la kemia. Si la kemia, lakini nimekubali.

Unasema mwenzako wa kazini amekubana. Hoja yake uliiandika hivi: kila kitu kimeundwa kwa atomu, atomu zinafuata kanuni ambazo tayari tunazijua, kwa hiyo mwenye kompyuta kubwa ya kutosha angeweza kukokotoa kila kitu, na biolojia, saikolojia na uchumi ni magongo tu tunayotembelea kwa kuwa kompyuta zetu bado ni ndogo. Kisha chini kabisa, kama vile hukutaka nilione, ukauliza kama wewe mwenyewe ni kitu chochote zaidi ya hesabu inayoendelea.

Kwanza nimpe mwenzako haki yake. Mwanzo wa hoja yake ni kweli, usipoteze nguvu kuupinga. Hakuna aliyewahi kukuta ndani ya kiumbe hai kiungo cha siri ambacho hakimo kwenye jedwali la elementi. Na waliojaribu kuweka mpaka mapema waliumbuka. Mwaka 1925 mwanafalsafa Mwingereza C. D. Broad aliandika kwamba hakuna tunachokijua kuhusu oksijeni peke yake, wala oksijeni ikiwa na vitu vingine, kinachoweza kutudokezea kwamba itaungana na haidrojeni, sembuse kutupa sifa za maji. Broad hakuwa mbabaishaji. Alikuwa mtu makini sana. Mwaka uliofuata mwanafizikia Schrödinger akachapisha mlinganyo wake unaoeleza tabia ya elektroni na atomu, na mwaka 1927 Heitler na London wakautumia kuonyesha kwa nini atomu mbili za haidrojeni zinashikana. Mfano ambao Broad aliuegemea ukaanza kumponyoka. Tangu nisome kisa hicho, mtu akiniambia kwamba sayansi haitaweza kamwe kueleza jambo fulani, humuuliza uhakika huo amepewa na nani.

Kasoro ya mwenzako iko kwenye ile "kwa hiyo".

Mwaka 1929 Paul Dirac alisema kwamba kanuni zinazohitajika kwa kemia yote zimeshajulikana kikamilifu, na shida iliyobaki ni moja: ukizitumia zinakupa milinganyo migumu mno kutatuliwa. Watu hunukuu nusu ya kwanza kwa mbwembwe, ya pili wanaimeza. Hebu tuitazame hiyo ya pili. Chukua chembe 300, kila moja ikiwa na hali mbili tu, tuseme juu au chini. Katika fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kama elektroni na atomu, huwezi kueleza hali yao ya pamoja kwa kutaja hali ya kila moja peke yake. Unahitaji namba moja kwa kila mpangilio unaowezekana, na mipangilio hiyo ni 2 kwa kipeo cha 300, yaani takriban 1 inayofuatwa na sifuri 90. Atomu zote za ulimwengu unaoonekana hukadiriwa kuwa 1 inayofuatwa na sifuri 80 hivi. Na chembe 300 si kitu. Protini moja ya kawaida ina maelfu ya atomu. Hiyo "kompyuta kubwa ya kutosha" haitengenezeki, hata ukipewa ulimwengu mzima uwe malighafi.

Najua utanijibu kwa kompyuta za kwanta. Sawa. Mwanafizikia Richard Feynman alilipendekeza hilo mapema, mwaka 1981: tuyaigize maumbile kwa mashine inayofuata kanuni zilezile za maumbile. Zitasaidia, sina shaka, ingawa hata nazo yako maswali ambayo wataalamu wa ukokotoaji wanaamini yatazishinda, mfano kutafuta hali yenye nishati ya chini kabisa kwa mfumo wowote utakaopewa. Lakini tuseme imewezekana. Angalia basi umefanya nini: umetengeneza nakala ya kitu chenyewe. Ulikuwa na kitu kimoja usichokielewa, sasa unavyo viwili.

Hapo ndipo ninapotaka utulie kidogo, kwa sababu ukubwa wa hesabu si kiini cha jambo. Ungekuwa ndio kiini, mwenzako angekuwa na haki ya kusema "subiri tu".

Chukua amonia, kitu nilichoishi nacho. Wanafunzi wangu walikuwa wakifungua chupa yake maabara na kurudi nyuma kabla hata hawajaamua kurudi. Molekuli yake ni ndogo: naitrojeni moja imekaa juu ya haidrojeni tatu, umbo la piramidi. Lakini piramidi hiyo haitulii. Naitrojeni hupenya katikati ya zile haidrojeni na kutokea upande wa pili, kama mwavuli uliopinduliwa na upepo, kisha hurudi, takriban mara bilioni 24 kwa sekunde. Mtetemo huohuo ndio Charles Townes na wenzake walioutumia mwaka 1954 kutengeneza kifaa kilichoitangulia leza. Kwa hiyo amonia ikiachwa yenyewe haina upande iliouchagua. Kanuni zinasema pande mbili ni sawa, na molekuli inatii.

Sasa weka pembeni yake glukosi, atomu 24 tu. Nayo ina pacha wake wa kiooni, mmoja wa kulia na mwingine wa kushoto. Kanuni za umeme zinazotawala kemia hazibagui kati ya hao pacha hata kidogo. Hata hivyo glukosi inayotengenezwa na viumbe hai ni ya upande mmoja, na haijipindui kama amonia; imekwama pale ilipo. Kwa nini upande huu na si ule? Ukiukodolea macho mlinganyo mpaka kesho hautakwambia. Jibu limo katika historia ya uhai, katika namna vimeng'enya vilivyorithishana umbo. Kanuni haikuvunjwa popote. Haikuchagua, basi.

Mfano huo, kuanzia amonia hadi sukari, ni wa Philip Anderson, katika makala fupi aliyoandika kwenye jarida la Science mwaka 1972. Anderson alikuwa mwanafizikia wa vitu yabisi, akapata Nobel mwaka 1977, na alikubali bila kinyongo kwamba vyote vinafuata kanuni za chembe. Alichokataa ni hatua inayofuata: kwamba ukiweza kukirudisha kila kitu kwenye kanuni chache, basi utaweza pia kuanza na kanuni hizo na kuujenga ulimwengu upya. Kushuka ngazi ni jambo moja, kupanda ni jingine. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba; yeye anaongeza kwamba kibaba kikishajaa kinaanza tabia ambayo punje haina.

Ukitaka kuona ugumu wa kupanda, tazama zebaki. Mwaka 1911, mjini Leiden, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, na ukinzani wake wa umeme ukatoweka. Haukupungua, ulitoweka. Kanuni za elektroni zilipatikana miaka ya 1920, tena mikononi mwa watu wenye akili kuliko wewe na mimi tukijumlishwa. Walikuwa na mlinganyo, walikuwa na zebaki, na bado maelezo hayakupatikana hadi mwaka 1957, pale Bardeen, Cooper na Schrieffer walipoonyesha kwamba elektroni, ambazo kwa kawaida hufukuzana, zinaweza kwenda wawiliwawili kwa msaada wa mitetemo ya atomu zinazozizunguka. Kidokezo kikubwa cha mitetemo hiyo kilitoka maabara mwaka 1950: ukibadilisha uzito wa atomu za zebaki, halijoto ya kutoweka kwa ukinzani nayo inabadilika. Hawakukwama kwa kukosa kompyuta. Walikosa wazo la nini cha kutafuta, na bila majaribio hata wasingejua kwamba kuna kitu cha kueleza.

Mwenzako anaweza bado kusema kwamba huo ni udhaifu wa binadamu. Basi tumpe dunia ambayo haina visingizio: haina vipimo vyenye makosa, haina kwanta, na kanuni zake zinaenea kwenye kiganja. John Conway aliitunga, ikajulikana mwaka 1970. Chukua karatasi ya miraba. Kila kisanduku ni hai au mfu, na kina majirani wanane. Kilicho hai kikiwa na majirani hai wawili au watatu kinaishi, vinginevyo kinakufa. Kilicho mfu kikiwa na majirani hai watatu kamili kinazaliwa. Fizikia yote ya dunia hiyo imeishia hapo.

Weka penseli kwenye visanduku vitano: mstari wa kwanza cha pili, mstari wa pili cha tatu, mstari wa tatu vyote vitatu. Kizazi kimoja kikipita, viwili vinakufa, viwili vinazaliwa, vitatu vinabaki. Endelea. Baada ya vizazi vinne umbo ni lilelile, ila limeteremka kisanduku kimoja na kwenda kulia kimoja. Linaitwa glaida, na litakwenda hivyo milele lisipogongana na kitu. Fanya mwenyewe kwa mkono, usiendeshe programu, kwa sababu mkono ndio utakaokuonyesha jambo hili: hakuna kisanduku kilichosogea. Visanduku havisogei katika dunia hiyo, na katika kanuni zote mbili hakuna popote panapotajwa mwendo. Ila ukitaka kusema kweli kuhusu kinachotokea kwenye karatasi, kuna kitu kinakwenda.

Bado hatujafika. Bill Gosper alipata umbo linalotema glaida moja kila baada ya vizazi 30. Glaida zikawa ishara, ishara zikajengewa milango ya mantiki, yaani vipande vya msingi vya kompyuta, na imethibitishwa kwamba ndani ya karatasi hiyo unaweza kujenga kompyuta kamili. Sasa mwanahisabati Alan Turing anaingia. Mwaka 1936 alithibitisha kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kupokea programu yoyote na kusema bila kukosea kama itafika mwisho au itaendelea milele. Uthibitisho unaujua kuliko mimi, siurudii. Matokeo yake kwenye karatasi yetu ni haya: hakuna utaratibu wa jumla utakaotazama mchoro wowote wa kuanzia na kukwambia kama siku moja vyote vitakufa. Ukitaka kujua, endesha usubiri. Vikifa, umejua. Visipokufa, huenda ukasubiri bila mwisho na bila kupata cheti cha kusema "tayari". Mtu huyu anazo kanuni zote, anayo hali ya mwanzo bila kosa la hata chembe, na ana kumbukumbu isiyoisha. Mwanahisabati Mfaransa Laplace mwaka 1814 aliwazia akili inayojua mahali na nguvu za kila kitu, ambayo kwake wakati ujao ungekuwa wazi kama uliopita. Tumeipa akili hiyo kila ilichokiomba na bado kuna swali la ndiyo au hapana linaloishinda.

Usidhani huo ni mchezo wa karatasi tu. Mwaka 2015 Toby Cubitt, David Pérez-García na Michael Wolf walionyesha jambo la jamii hiyo katika fizikia ya kwanta: hakuna utaratibu wa jumla unaopokea maelezo ya namna chembe za mada zinavyoathiriana na kusema kila mara kama kuna pengo kati ya hali ya nishati ya chini kabisa na zinazoifuata. Lakini wapo waliolishangilia tokeo hilo kupita kiasi, kana kwamba maumbile yamekiri kuwa na uchawi. Uthibitisho wao unahusu mada isiyo na mwisho wa ukubwa, iliyobuniwa kwa makusudi. Kipande cha chuma mkononi mwako hakikukatalii kipimo. Vivyo hivyo kwa wale wanaoichukua kazi ya mwanahisabati Gödel ya mwaka 1931, kwamba mfumo wa hisabati usiojipinga na wenye hesabu za kutosha una kauli za kweli usizoweza kuzithibitisha, na kutangaza kwamba akili ya binadamu si mashine. Mwanafalsafa Lucas alijaribu mwaka 1961, mwanafizikia Penrose akalirudia mwaka 1989, na mimi sijashawishika; hoja yao inataka tujue kwa hakika kwamba fikra zetu wenyewe hazijipingi, na kwa watu ninaowafahamu huo ni ukarimu uliopitiliza.

Kwa hiyo mipaka ya ukokotoaji inaivunja ile "kwa hiyo" ya mwenzako, ila haikupi roho ya ziada. Kinachobaki ndicho ninachokiona kizito zaidi: hata pale hesabu inapowezekana, hesabu si maelezo.

Mfano wake mzuri alitoa Hilary Putnam miaka ya 1970. Una ubao wenye tundu la duara lenye kipenyo cha sentimita 10, na kigingi cha mraba chenye upande wa sentimita 9. Hakipiti. Mtu anaweza kuorodhesha atomu zote za ubao na za kigingi, akakokotoa njia zote za kukisukuma, na akapata jibu sahihi: hakipiti. Wewe unachukua rula, unaona ulalo wa mraba ni karibu sentimita 12.7, na umemaliza. Nani ameeleza? Yule wa atomu, ukimletea kigingi cha chuma badala ya cha mti, anaanza upya tangu mwanzo, kwa sababu katika orodha yake hakuna mahali palipoandikwa kwamba aina ya atomu haina maana hapa. Na hilo, mwanangu, ndilo jambo lenyewe tulilotaka kujua. Maelezo mazuri hukwambia nini kingeweza kubadilika bila kubadili matokeo. Orodha kamili haiwezi kulisema hilo kwa sababu haijaacha kitu nje.

Anayenisumbua si mwenzako, ni Jaegwon Kim, mwanafalsafa wa Marekani mzaliwa wa Korea aliyefariki mwaka 2019. Yeye husema hivi: kama atomu zimeshafanya kazi yote ya kusukuma, hilo umbo la kigingi linasukuma nini? Ama lina nguvu yake ya pekee, na hapo umeingiza uchawi, ama halifanyi lolote, na hapo "ngazi za juu" ni maneno tu. Hoja safi. Jibu langu ni kwamba anakichukulia kisababishi kana kwamba ni mafuta yanayoweza kumwagika mara moja tu, yakishatumika chini hayabaki ya juu. Mimi nikiuliza sababu, nauliza nibadilishe nini ili matokeo yabadilike. Badilisha atomu utakavyo ukiacha umbo, kigingi kitakwama vilevile. Badilisha umbo, kitapita. Basi umbo ndilo sababu, na sijaongeza nguvu yoyote mpya duniani. Kim angeniambia nimeeleza matumizi ya neno sababu, si sababu yenyewe. Tungebishana hadi usiku.

Kuhusu wewe na hesabu yako: sioni tatizo mtu akisema kwamba ubongo wako unakokotoa. Nauliza tu, ukokotoaji wa ngazi ipi? Atomu nyingi za mwili wako zimeshabadilishwa tangu uondoke nyumbani, na ahadi ulizotupa bado unazitimiza. Anayetaka kujua kwa nini uliandika barua ile atapata zaidi akiuliza mwenzako alikwambia nini kuliko akipewa mahali ilipo kila elektroni. Kuna kipande kimoja kinachobaki nje ya haya yote. Broad huyohuyo alisema kwamba hata malaika mwenye hesabu zote angeweza kujua muundo wa amonia na kinachotokea puani na kwenye neva, lakini asingeweza kubashiri inanukiaje. Kuhusu maji alianza kupitwa na wakati ndani ya miaka miwili. Kuhusu harufu, miaka 100 imepita na wanafalsafa bado wamegawanyika, na usimkubalie yeyote anayekwambia kwamba fizikia ya kwanta imelimaliza, wala anayesema ndilo lango la roho.

Ukionana na mwenzako, mwulize kuhusu protini, kwa sababu nadhani ndiko atakakokimbilia. Atakwambia kwamba AlphaFold, ile programu iliyowashangaza wataalamu mwaka 2020 na kuwapa waliohusika Nobel ya Kemia mwaka 2024, inabashiri umbo la protini kutoka kwenye mfuatano wa asidi amino zake tu. Ni kweli, na ni kazi kubwa. Lakini mwulize ilifanyaje. Haikutatua mlinganyo wa Schrödinger kwa kila elektroni. Ilijifunza kutoka kwenye maumbo zaidi ya laki moja ambayo wanabiolojia waliyapata maabara kwa miongo kadhaa, na kwa kulinganisha mifuatano ya protini za viumbe vyenye undugu, yaani kutoka kwenye mabadiliko ya uhai yenyewe. Ukiondoa biolojia, mashine hiyo haina cha kujifunza.

Nijibu ukipata nafasi, hasa hilo la Kim. Na hiyo karatasi ya miraba usiiruke.

Mama yako